Kuchagua Bustani ya Okidi kwa Mkaaji wa Kisongo

Okidi haina jina moja la kale lililoenea katika Kiswahili. Watu wa pwani na wa bara waliliona ua hilo juu ya miti tangu zamani, wakapita chini yake na mizigo yao, na jina litumikalo leo lilikuja baadaye kutoka ng'ambo pamoja na vitabu. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa mmea wenyewe ni mgeni kama jina lake. Okidi zilizokwisha kutambuliwa duniani zazidi aina 25,000, na zile zilizo wenyeji wa Afrika ya Mashariki ni nyingi hata orodha kubwa ya mimea ya sehemu hii ililazimika kuzigawia vitabu vitatu, cha kwanza mwaka 1968, na viwili vilivyofuata mwaka 1984 na 1989. Mtu wa Arusha atakaye kulea okidi hana sababu ya kujiona kuwa anajitia katika starehe ya wageni. Huenda okidi aitamaniyo iko juu ya mti aliopumzika chini yake jana.

Kisongo iko magharibi ya mji wa Arusha, katika barabara iendayo Monduli na Dodoma, karibu na kiwanja cha ndege. Ni nchi ya Wamasai, na tawi kubwa la Wamasai wa Tanzania huitwa kwa jina hilo hilo. Kimo chake ni kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Mlima Meru huonekana kutoka huko mzima, toka kisigino hata utosi, lakini mvua ya mlima huo haigawanywi sawasawa. Tengeru na Usa River, mashariki ya mji, hupata unyevu, migomba na kivuli. Kisongo hupata migunga, upepo na vumbi, na katika kiangazi upepo huo huanza kazi mapema kuliko watu.

Hali hiyo ndiyo iwekayo tofauti baina ya mwanagenzi wa Kisongo na mwenzake wa Tengeru. Aghalabu mwanagenzi huuliza kwanza bustani ipi ni nzuri kupita zote, akaelekezwa kwenye bustani yenye miti mikubwa na mfereji wa maji, akarudi na mmea uliochanua. Baada ya miezi mitatu mmea huo husinyaa barazani, naye husema kuwa okidi ni ua la matajiri. Sababu ni mizizi. Okidi nyingi zilelewazo katika vyungu ni mimea iishiyo juu ya miti, nayo mizizi yake huning'inia hewani, imevikwa ngozi nyeupe ifananayo na sifongo. Ngozi hiyo hunywa umande na mvua kwa haraka, kisha hukauka tena. Chini ya miti ya Usa River hukauka polepole. Katika baraza ya Kisongo, mwezi wa Septemba, imekwisha kukauka kabla chai ya asubuhi haijanywewa. Basi kwa karamu ya macho mwanagenzi aende popote apendapo; kwa mafundisho yafaa atafute bustani yenye jua na upepo kama wa kwao, hata ikiwa ni ndogo na maua yake ni machache.

Neno moja lisemwe hapa kwa ajili ya wale waiogopao okidi wakidhani ni kirukia. Kirukia hupenyeza mizizi katika mti na kunyonya maji yake. Okidi ya mtini haifanyi hivyo. Huufanya mti kuwa kiti, ikajitafutia riziki katika mvua, mavumbi na majani yaliyooza.

Pembeni mwa barabara za Arusha viko vitalu vingi vya miche iliyopangwa katika mifuko myeusi: mawaridi, bogenvilia, miparachichi, mitende ya mapambo. Okidi huonekana humo mara chache, na zionekanapo huwa za namna mbili. Ya kwanza ni ile yenye majani mapana manene na maua yafananayo na vipepeo, ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya Asia, na siku hizi huzalishwa kwa mamilioni, hasa Taiwan na Uholanzi. Ya pili ni fungu la mashina na mizizi lililofungwa kwa kamba au kutiwa katika kiroba, na pengine kipande cha gome bado kimeshikamana nalo. Hii haikuzalishwa na mtu. Imebanduliwa mtini.

Mazungumzo mbele ya fungu la namna hii huwa mafupi.

"Shikamoo, mama. Karibu maua."

"Marahaba, mwanangu. Okidi hii imetoka wapi?"

"Porini, mama. Hii ni ya asili kabisa, haina dawa, haifi."

Neno "asili" limepata heshima kubwa katika masoko yetu. Asali ya asili, kuku wa asili, dawa ya asili: kila mahali neno hilo huongeza thamani ya kitu. Katika okidi linapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi. Mmea uliobanduliwa umeacha sehemu kubwa ya mizizi yake katika gome, na mizizi iliyovunjika haiungi tena. Yabidi mmea uote mingine kwa akiba iliyobaki katika mashina yake, huku umehamishwa kutoka kimo, kivuli na ukungu uliouzoea. Wengi hufa. Muuzaji aweza kusema "haifi" kwa moyo safi, kwa kuwa hakai nao muda wa kutosha kuuona ukifa. Tena njia ya kuupata mwingine ni kurudi msituni.

Ili mwanagenzi aelewe kwa nini okidi iliyolelewa ni ghali kuliko iliyobanduliwa, ni lazima ajue jinsi okidi inavyozaliwa. Tumba moja laweza kuwa na mbegu mamia ya maelfu, nazo ni nyepesi kama vumbi la unga. Mbegu ya hindi hubeba chakula chake. Mbegu ya okidi haina akiba, haina budi kuangukia mahali penye kuvu wa namna fulani atakayeilisha. Jambo hilo lilitambuliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kuwa mbegu hizo zaweza kuoteshwa ndani ya chupa, bila kuvu, katika mchanganyiko wenye sukari. Tangu hapo okidi zikaweza kuzalishwa kwa wingi pasipo kugusa msitu. Lakini chupa haikuondoa kungoja. Toka mbegu hata ua la kwanza hupita miaka mitatu, mitano, hata saba, na mwenye kitalu aliyeulea mche muda huo wote hawezi kuuuza kwa bei ya mchicha. Bei ndogo kupita kiasi ni ushuhuda juu ya kuzaliwa kwa mmea.

Uko ushuhuda mwingine usiohitaji kinywa cha muuzaji. Mmea uliokulia chunguni una mizizi iliyofuata umbo la chungu, na aghalabu una ndugu zake kando, wa kimo kimoja na umri mmoja. Una kibao chenye jina na tarehe. Mmea wa msituni una majani yaliyotafunwa na wadudu, una kuvumwani na gome, na wenzake wamepishana kwa ukubwa kama watu waliokutana kituoni. Mwanagenzi ajuaye kutazama hayo tu amekwisha kupata nusu ya elimu ya kuchagua kitalu, na aweza kuipata asubuhi moja bila kununua kitu.

Mashaka makubwa yamo katika okidi moja hasa. Ansellia africana, ambayo yaweza kuitwa okidi ya chui kwa sababu ya madoadoa ya hudhurungi juu ya maua yake ya manjano, huishi katika nchi za joto na ukavu, juu ya mibuyu na migunga. Mashina yake manene huweka akiba ya maji. Mizizi yake mingine husimama juu kama miiba, ikafanya tenga la kukamatia majani yaangukayo, nayo majani hayo yakioza huwa mbolea. Yaani mmea huu umeumbwa kwa nchi ifananayo na Kisongo kuliko Phalaenopsis itakavyoweza kuwa, na mwanagenzi akishauriwa kwa akili ataambiwa aanze nao. Lakini uvumilivu na uzuri huo huo ndio umeuponza. Hubanduliwa sana hata wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile wameuweka katika daraja la mimea iliyo katika hatari. Mmea umfaao mwanagenzi wa Kisongo ndio ambao akiununua mahali pasipofaa atakuwa amelipa ujira wa kuumaliza. Hapa uchaguzi wa kitalu hauwi tena jambo la starehe ya mtu mmoja.

Sheria ina neno lake pia. Tanzania iliuridhia mwaka 1979 mkataba wa kimataifa uitwao CITES, usimamiao biashara ya wanyama na mimea ya porini, na jamii yote ya okidi imo katika mkataba huo. Mtu avukaye Namanga na okidi katika kapu lake, ya kwenda au ya kuja, atakiwa kuwa na kibali, hata kama aliinunua kwa haki. Katika hifadhi za Taifa kung'oa mmea ni kosa.

Nguvu ya mnunuzi juu ya ua la porini imeonekana wazi zaidi kusini. Katika nyanda za juu za Makete na Mbeya okidi huota ardhini, nazo zina viazi vidogo. Viazi hivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kipendwacho kiitwacho chikanda. Uchimbaji ulipozidi, sehemu ya nchi hiyo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, yenye kilomita za mraba 413 hivi na aina 45 za okidi za ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Atakayefika huko baina ya Desemba na Aprili ataona bustani isiyo na mtunza wala chungu, ingawa kwa mtu wa Kisongo ni safari ya mbali mno kuwa somo la kwanza.

Somo la kwanza liko karibu zaidi. Hifadhi ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Mlima Meru ukatiwa ndani yake mwaka 1967. Katika misitu yake miti imevaa kuvumwani, na katikati ya kuvumwani hiyo zimo okidi. Mwanagenzi achukue darubini, kwa maana nyingi ziko juu ya shingo ya mtu arefukaye. Atazame upande gani wa tawi zimekaa, zapata jua la saa ngapi, zimebanana na nini. Nusu siku ya kutazama hivyo humwezesha kuingia kitaluni akiwa na maswali yake mwenyewe. Kwa majina, iko herbaria ya Taifa huko Ngaramtoni, katika viwanja vya iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Ni nyumba ya mimea mikavu iliyobandikwa juu ya karatasi, haina cha kupendeza jicho lililozoea maua. Mwanachuo wa lugha ataipenda, kwa sababu yafanana na kamusi.

Kitaluni, swali lisilofaa kusahauliwa ni la maji. Maji ya visima na chemchemi nyingi zizungukazo Meru yametoka katika miamba ya volkano, yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi wake. Pengine yana magadi na chumvi vilevile, na mizizi ya okidi huunguzwa na chumvi. Mwenye kitalu anywesheaye mimea kwa maji ya mvua ataonyesha pipa lake kwa furaha. Asiyejua swali hilo limetoka wapi, yafaa ashukuriwe na kuagwa kwa adabu.

Saa ya kwenda nayo ina maana. Okidi nyingi za Afrika zenye maua meupe na mkia mrefu wa asali hutegemea nondo, kwa hiyo hutoa harufu jua likichwa. Mchana zaonekana kama vijiti vyenye nyota ndogo, na mnunuzi wa saa sita huzipita akaenda kwa zile za vipepeo. Afadhali mwanagenzi aombe ruhusa ya kubaki hata magharibi.

Na aende mara mbili. Mara ya kwanza iwe mwezi wa Mei au Juni, baada ya masika, wakati kila kitalu cha Arusha kinapopendeza. Mara ya pili iwe Septemba, vumbi likiwa limetanda toka Monduli hata mjini. Akiikuta mimea ile ile ina mizizi yenye ncha za kijani, aombe kipande kilichogawanywa kutoka shina la mama, chenye kibao cha jina na tarehe, akifunge katika gazeti, na madirisha ya gari yafungwe mpaka Kisongo.