Pedi Hii Si ya Hedhi

Ramadhani ya mwaka jana, siku ya kumi na sita, mamangu alinikuta jikoni nikikata vitunguu vya futari. Akavuta mbuzi, akakalia kana kwamba anataka kukuna nazi, lakini nazi hakushika.

"Mwanangu, hedhi yako leo siku ya ngapi?"

"Inaelekea kuisha, mama."

"Nimekuuliza ya ngapi." Kimya. "Hedhi haipiti siku kumi na tano. Ikipita hiyo ni ugonjwa. Wewe tangu mwezi kuandama hujaenda tarawehe hata siku moja. Sasa niambie kweli, ni ugonjwa au ni mimba?"

Yani alikuwa akihesabu! Na mie wallahi sikuwa na hedhi wala mimba. Hedhi ya kweli ilikuja ikaisha kabla mwezi haujaandama. Nilikuwa nimefunga siku zote hizo, kimya kimya. Kile chakula alichokuwa akiniachia mchana chini ya kawa, akidhani nakula, nilikuwa nampa paka wa jirani. Yule paka alinenepa Ramadhani ile mpaka watoto wakampa jina jipya.

Kilichokuwa kinanizuia kwenda msikitini ni mkojo.

Haya, nimeshasema. Wanaosubiri video ya viazi karai, wiki hii haipo. Nina miaka 22, nakaa Mkomani, nina ugonjwa unaitwa fibromialjia, na kibofu changu hakinisubiri. Kikisema sasa, ni sasa. Nikichelewa hata dakika mbili, nguo ishalowa.

Mara ya kwanza kunitokea mbele za watu ilikuwa Likoni. Nilikuwa natoka kwa nyanyangu narudi ng'ambo ya kisiwani, tumepangwa pale chini ya paa tukingoja feri, mnajua vile watu hubanana jioni. Nikahisi kidogo. Nikajiambia nitafika. Geti likafunguliwa, umati ukaanza kusukumana kuteremka ule mteremko, na mguu wangu wa kulia, ambao siku hiyo ulikuwa unauma kuanzia kiunoni, ukakataa kwenda haraka. Nikasimama katikati ya watu wanaonipita, na mkojo ukatoka. Si matone. Ulitoka wote, ukashuka mpaka kwenye viatu. Kilichoniokoa ni buibui jeusi, Mungu amrehemu aliyelianzisha. Nilivuka bahari nikiwa nimesimama kwenye ukingo, upepo unanipiga, natabasamu kama mtalii. Ndani ya matatu sikukaa. Nilisimama mpaka kondakta akauliza, "Sista, kiti kina miiba?"

Baada ya siku hiyo sikwenda kwa nyanya miezi saba. Kila nikipigiwa simu, niko "bize na kazi".

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwisho wa 2017 kuingia 2018, kama ulikuwa Mombasa, unakumbuka chikungunya. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayetembea kama bibi kizee. Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kama kujikunja, manake ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza kule kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953. Mie nilikuwa kidato cha kwanza. Homa ikaisha, wenzangu wakapona, mimi maumivu yakabaki. Yakahama. Leo bega, kesho nyayo, kesho kutwa mgongo mzima. Nikiamka asubuhi nahisi kama nimepigwa usiku kucha. Nikisoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki juu kulikuwa na nini.

Tukapima kila kitu. Damu safi. Picha safi. Kila karatasi ikirudi nzuri, nyumbani walikuwa wanafurahi na mie nalia. Kuna daktari aliniambia "ni mawazo, binti, utaolewa yataisha". Shangazi mmoja akasema ni majini, akataka nikapungwe. Ilichukua miaka mitano kumpata daktari aliyeniuliza nalalaje, nikichoka nachokaje, halafu akanipa mchoro wa mwili nipake rangi kila mahali panapouma. Nilipaka karibu mwili mzima. Zamani, akanieleza, kwa kanuni za 1990, madaktari walikuwa wakibonyeza sehemu 18 za mwili na kutafuta angalau 11 zenye maumivu. Tangu 2010 wanaangalia pia usingizi, uchovu na akili kuwa nzito. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii hapa". Pia hakuniambia chikungunya ndiyo iliyoleta. Alisema kwa watu wengine maumivu haya huanza baada ya homa ya virusi, na akaishia hapo. Nilimheshimu kwa kuishia hapo.

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha mamangu picha ya Lady Gaga, aliyetangaza mwaka 2017 kwamba ana ugonjwa huu, na mwaka uliofuata akakatiza ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu. Mama akaangalia picha, ile nguo, zile nywele. "Na huyu mnasema hana majini?"

Alivyonieleza daktari ni hivi. Kuna gari mtaani kwenu lenye king'ora, paka akipita juu ya boneti linalia kana kwamba limeibiwa. Gari halina kasoro, king'ora ndicho kimezidi wepesi. Mishipa yangu ya fahamu iko hivyo, guso dogo linafika kwenye ubongo likiwa kubwa. Na kibofu kinatumia mishipa hiyo hiyo. Cha mtu mzima kinaweza kubeba mililita 400 mpaka 500. Changu kikiwa na glasi ndogo kinapiga kelele kana kwamba kimejaa mpaka shingoni, halafu kinajibana chenyewe bila ruhusa. Watu wa fibromialjia wenye tabu hii si wachache. Tatizo hatuongei.

Na kwa sababu hatuongei, nilijitibu kwa akili yangu. Niliacha kunywa maji. Mombasa hii, Februari, nguo inakuganda mgongoni saa mbili asubuhi, na mie nakunywa vikombe viwili kwa siku. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, ukaanza kuchoma, na kuchoma kukazidisha haraka. Choo kikubwa kikafunga, na hicho nacho kikawa kinakigandamiza kibofu. Pia nilikuwa naenda msalani kila nafasi nikiiona, hata kama sina haja, "ya akiba". Kumbe ndiyo nilikuwa nakifundisha kibofu kuita kikiwa hakina kitu. Nilipoanza kuandika kwenye simu, siku ya kwanza nilikuta nimeenda mara kumi na saba.

Matibabu hayakuwa na maajabu. Kwanza nilipimwa mkojo na sukari, manake maambukizi na kisukari navyo huleta haya haya. (Na kama mkojo umekukatalia ghafla, au unahisi ganzi katikati ya mapaja, usisome tena, nenda hospitali leo.) Kisha nikaambiwa nirudishe maji, ila niyagawe mchana kutwa, nipunguze usiku. Nikibanwa, nisikimbie: nisimame au nikae, nipumue, haraka ipite, ndiyo nitembee kwenda. Kila wiki naongeza dakika chache kati ya safari na safari. Nilianza na dakika arubaini, sasa nafika saa mbili siku nzuri. Siku za maumivu makali, hesabu hiyo inaanguka na sijilaumu.

Mazoezi ya kukaza misuli ya chini nilikuwa nimeyaona mtandaoni, yale aliyoyaandika daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948. Nikayafanya mia kwa siku kama mwehu. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia niache kwanza. Misuli yangu haikuwa imelegea, ilikuwa imekaza kama ngumi, kwa hiyo nilitakiwa kujifunza kuiachia kabla ya kuikaza. Ndiyo maana nasema, msifanye kila mnachoona kwenye simu, hata kama ni mimi niliyekiweka.

Halafu akanipa orodha ya vitu vinavyochokoza kibofu. Kahawa. Chai kali. Soda. Pilipili. Ndimu, ukwaju, vitu vichungu. Nikamwangalia. Nikamwambia, dada, hapo umenitajia Mombasa nzima. Ilibidi nijaribu kimoja kimoja. Kahawa nimeiacha kweli. Ukwaju tumekubaliana mara moja kwa wiki. Pilipili, tusiongelee.

Lakini haya yote ni sehemu rahisi. Ngumu ni ile ya jikoni, ya kudanganya hedhi.

Nimefikiria sana kwa nini uongo wangu ulikuwa huo. Ni kwa sababu hedhi tumejifunza kuitaja. Serikali ilitoa kodi kwenye pedi tangu 2004. Shuleni walikuja watu na maboksi, wavulana wakakalishwa wakafundishwa wasicheke. Rafiki yangu anaweza kusimama kwenye kundi akauliza "nani ana pedi?" na mikoba mitatu ikafunguliwa. Na ni sawa, tulipigania. Sasa chukua pedi ile ile, pakiti ile ile, sema ni ya mkojo. Uone nyuso. Damu inakufanya mwanamke, mkojo unakufanya kikojozi. Na sisi wa Pwani tunajua kikojozi alifanywa nini, alifungwa kigodoro, akazungushwa mtaani, watoto nyuma wanamwimbia. Mimi mwenyewe niliwahi kuimba nyuma ya mtoto mmoja. Sikumbuki alikosa nini zaidi ya kulala usingizi mzito. Nakumbuka tu nilivyokuwa nimefurahi.

Hata wanaotaka kukuhurumia, hurukia nasuri. Shangazi yule yule akanong'ona, "umezaa wapi?" Nasuri ni tundu linalobaki kwa mama aliyekaa na uchungu wa kuzaa muda mrefu bila msaada, hutibiwa kwa upasuaji, na Umoja wa Mataifa umeitengea siku, tarehe 23 Mei. Hao mama wamepitia makubwa kuliko mie. Ila si kila msichana anayevuja amezaa mafichoni.

Na nepi za watu wazima! Juni 2024 tulipokuwa tunaupinga Mswada wa Fedha, ile kodi ya mazingira iliyotaka kugusa nepi ilipigiwa kelele sana. Nilipiga na mie. Mabango yote niliyoyaona kwenye simu yalikuwa ya watoto wachanga. Nikajikuta naandika "fikirieni kina mama wenye vichanga" huku pakiti yangu iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye karatasi nyeusi mbili. Pakiti moja inameza malipo ya tangazo dogo zima, na kwenye kemisti nasema ni ya nyanya. Samahani nyanya, wewe uko imara kuliko mie.

Basi pale jikoni nikamwambia mamangu kweli. Nikaanzia Likoni, nikamaliza kwa paka. Nilimwambia hofu yangu ni zulia la msikiti. Rakaa ishirini, kila sijida inakandamiza tumbo, na nyuma yangu kuna mama wa watu ameweka paji la uso pale nilipokaa. Ningewezaje?

Mama hakulia wala hakunikumbatia, sisi si watu wa sinema. Alisema, "Kumbe nimekutesa na ubwabwa wangu." Halafu akanyanyuka akaenda kumpigia simu ustadha aliyenifundisha madrasa.

Ustadha hakushtuka, jambo ambalo lilinishtua mie. Akasema suala hili ni la kale, liko kwenye vitabu vya fiqhi, lina jina. Akanikumbusha kisa cha Fatima binti Abi Hubaish, aliyetokwa na damu isiyokatika akaenda kumuuliza Mtume, akaambiwa asiache sala, atawadhe kwa kila sala. Alikwenda akauliza, kwa mdomo wake. Kwa mtu ambaye mkojo haukatiki kabisa, ustadha akasema, anajisafisha, anavaa pedi, anatawadha wakati ukishaingia, anasali bila kuchelewa, na kinachotoka hapo katikati amesamehewa. Kwa kama mimi, ambaye huvuja kwa vipindi, natakiwa kutafuta ule muda mkavu nisali ndani yake. Tarawehe ni sunna, nikiweza nane nisali nane, nikitaka nisali nyumbani. Mie si mufti, kila mtu akaulize yake. Lakini nilisikia kitu kimeteremka kutoka mabegani ambacho hakuna dawa ya maumivu iliyokwahi kukiteremsha.

Siku ya kumi na saba nilienda. Tulikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, mama upande wangu wa kulia. Nilisali nane, nikatoka, nikamngoja nje na viatu vyake. Haikutoka hata tone. Siku ya kumi na tisa ilitoka.

Sasa nina mkoba mdogo, una nepi mbili, suruali, mfuko wa plastiki mgumu na leso. Leso aliiweka mama, sikumwomba. Mjini najua vyoo vyote vya kulipia na kipi kina maji. Rafiki zangu wawili nimewaambia. Mmoja alinyamaza kama dakika nzima, akasema, "Mie nikicheka." Kumbe akicheka sana na yeye hutokwa, tangu sekondari.

Jumamosi binamu yangu anaolewa Likoni, na sare ya wasichana ni krimu. Nani alichagua krimu sijui. Feri, jua, ngoma mpaka usiku, na nguo isiyoficha hata jasho. Nyanya amepiga simu mara tatu kuuliza kama nakuja. Nimeijaribu mbele ya kioo mara mbili, nikageuka kutazama nyuma, nikaikunja. Iko juu ya kitanda hapa ninapoandika.