Vienna kwa siku moja: Kasri, keki na ua wa hospitali ya zamani

WATU wengi wanaokwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, hurudi na picha tatu kwenye simu: kasri la rangi ya njano, kanisa lenye paa la vigae vya rangi rangi, na kipande cha keki ya chokoleti. Vyote hivyo nimeviona kwa siku moja, na miguu niliisikia. Lakini kama wewe ni mzazi, au unatarajia kuwa mzazi, kuna ua wa hospitali ya zamani ambao wageni wengi huupita bila kugeuza shingo. Mimi ningeupa muda mwingi kuliko hata hilo kasri. Tutaufikia.

Nilikuwa na Jumamosi moja huru baada ya wiki ya mafunzo. Mwenyeji wangu ni dada mmoja mzaliwa wa Tanga ambaye ameishi mjini humo miaka tisa, ana watoto wawili, wa miaka saba na minne. Aliniambia mapema: "Mdogo wangu, ukitembea na hawa utaona mji kwa mwendo wao." Ndivyo ilivyokuwa, na sikujutia.

Kwa mwenye watoto usafiri ni rahisi. Stesheni za treni za chini ya ardhi hazina vizuizi vya kukuzuia mlangoni. Unagonga tiketi yako kwenye kimashine, unapanda. Usidhani hakuna anayejali, maana wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa kama abiria wengine na faini yao inauma. Watoto walio chini ya miaka sita hawalipi, na kila stesheni ina lifti, kwa hiyo kigari cha mtoto hakikusumbui.

Tulianza na kasri la Schönbrunn asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Lina vyumba 1,441. Kuingia ndani unalipa, lakini bustani yake kubwa ni bure, na kwa watoto bustani inatosha kabisa. Kuna pia bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1752, kongwe kuliko zote duniani zinazoendelea kufanya kazi. Sisi tuliiacha. Nimetoka nchi ya Serengeti, sioni haja ya kulipa euro nimwone twiga.

Kilichonishika pale ni habari za mwenye nyumba. Malkia Maria Theresa alizaa watoto 16, na waliofika utu uzima ni 10 tu. Ndui peke yake ilimchukulia watatu, wawili kwa miaka miwili mfululizo, 1761 na 1762, na binti mwingine mwaka 1767. Mwaka huo huo wa 1767 aliugua yeye mwenyewe, akapona. Walinzi, madaktari wa ikulu, kuta nene, vyote havikusaidia kitu.

Mwaka uliofuata akamwita daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, awachanje watoto wa familia yake kwa njia ya zamani, yaani kuchukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui na kuuingiza kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya. Chanjo salama zaidi ya Edward Jenner ilikuwa bado miaka 28 mbele. Njia hii ilikuwa na hatari, na watu waliiogopa kama wengine wanavyoogopa chanjo leo. Malkia alifanya jambo ambalo naona waratibu wetu wa chanjo wangelipenda: aliwaandalia karamu kasrini watoto wa kwanza waliochanjwa, raia waone. Ndui imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Somalia, mwaka 1977.

Kutoka hapo treni moja inakufikisha Naschmarkt, soko refu la vyakula. Zeituni za kila rangi, jibini, matunda makavu, kabichi iliyochachushwa, viungo vinavyonusa kama Darajani. Wauzaji hukuonjesha kila unapopita, hata watoto walishiba kabla hatujaketi. Chakula cha mchana kilikuwa falafeli, mkate na saladi. Wauzaji wengi wana asili ya Uturuki na Mashariki ya Kati, hivyo Mwislamu hapati shida kupata halali hapa kuliko kwenye vibanda vya soseji mitaani, ambako nyingi ni nguruwe. Jumapili soko limefungwa, panga safari yako.

Usinunue maji Vienna. Nililisema hili kwa sauti pale dukani na mwenyeji wangu akacheka, maana ndilo alilokuwa ananiambia tangu asubuhi. Maji ya bomba yanatoka kwenye chemchemi za milima ya Alps. Bomba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1873, la pili 1910, na hilo la pili lina urefu wa kilomita 180 hivi. Maji yanateremka yenyewe kwa mwinuko wa milima, bila pampu. Kabla ya hapo watu walitegemea visima na mto, na homa ya matumbo na kipindupindu havikuwa wageni. Siku hizi unajaza chupa kwenye bomba la barabarani, mtoto anakunywa, hakuna anayekuuliza umechemsha.

Kanisa la Mtakatifu Stefano nitalipitia haraka. Mnara wake wa kusini una mita 136, na ngazi za kupanda ni 343. Yule wa miaka saba alizihesabu, nusu kwa Kijerumani na nusu kwa Kiswahili, akapata 351. Hatukubishana.

Sasa keki. Sachertorte inasemekana ilibuniwa mwaka 1832 na Franz Sacher, kijana wa miaka 16 aliyekuwa bado anajifunza upishi. Ni keki ya chokoleti yenye jamu ya aprikoti ndani. Kwa maoni yangu ni kavu, na bila ile krimu isiyo na sukari wanayoiweka pembeni ningeshindwa kumaliza. Strudeli ya matofaa ndiyo mshindi: unga umesukumwa mwembamba kama manda za sambusa, ndani matofaa, zabibu kavu na mdalasini. Watoto waliletewa Kaiserschmarrn, ambayo ukiifikiria kama chapati ya maji nene iliyochanwachanwa na kumwagiwa sukari ya unga hutakuwa mbali. Sahani moja inatosha watoto wawili, na kwa sukari ile ningesema watatu. Kahawa huja kwenye sinia dogo pamoja na glasi ya maji, na unaweza kukaa na kikombe kimoja mchana mzima bila kufukuzwa.

Saa kumi jioni tukapanda tramu hadi kwenye ile hospitali.

Ilifunguliwa mwaka 1784 na Mfalme Joseph II, mtoto wa yule malkia mwenye watoto 16. Tangu 1998 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Vienna. Ni nyua nyingi zilizounganishwa, zenye nyasi, miti mikubwa na migahawa. Nyuma kuna jengo la mviringo la ghorofa tano lililojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Wenyeji walilibatiza jina la keki ya duara, Gugelhupf. Leo ni makumbusho ya magonjwa. Lina siku chache za kufunguliwa, na kwa watoto wadogo sikushauri.

Katika hospitali hii, miaka ya 1840, kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga. Nyingine na madaktari na wanafunzi wao. Mwaka 1846, katika wodi ya wakunga walikufa wanawake wapatao 3 kati ya kila 100. Katika wodi ya madaktari walikufa zaidi ya 11. Wodi zilipokea kwa zamu, siku hii moja, kesho nyingine, na mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasiingizwe ile ya madaktari. Wengine walijifungulia njiani kwa makusudi, na waliojifungulia njiani walikufa wachache kuliko walioingia ndani.

Daktari kijana kutoka Hungary, Ignaz Semmelweis, hakulala. Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na dalili zile zile za homa ya uzazi. Hapo akaunganisha mambo. Madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 kati ya 100. Juni walikufa 2.

Nilikuwa nikiwasimulia hayo tukiwa tumekaa kwenye benchi. Mwenyeji wangu alikuwa amewaleta watoto wake kucheza kwenye nyasi zile mara nyingi bila kujua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Bibi yangu mzaa mama alikwenda hivyo. Siku ya tano, homa. Nyumbani walisema ni kijicho."

Sikuwa na la kumjibu. Naandika habari za wodi za wazazi, na nimesimama kwenye zahanati yenye sinki jipya na koki kavu, ndoo ya maji ikiwa imebebwa kichwani na ndugu wa mgonjwa. Namba za Vienna za mwaka 1846 hazinisomeki kama historia.

"Mamdogo, wakawa wananawa siku zote?" aliuliza yule wa miaka saba.

Hapana. Wakubwa wengi hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Mwaka 1849 mkataba wa Semmelweis haukuongezwa, akarudi kwao. Alifariki mwaka 1865, akiwa na miaka 47, katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapo hapo Vienna, kwa maambukizi ya damu.

Tulikula chakula cha jioni mgahawani kwenye ua ule ule. Jina Wiener Schnitzel kwa sheria ni nyama ya ndama tu. Ikiwa ni nguruwe lazima waandike, kwa hiyo soma menyu vizuri au uliza. Inakuja pana kuliko sahani, imekaangwa na chenga za mkate, na kipande cha limau. Mdogo alikuwa ameshalala kwenye kigari. Mkubwa alimaliza yake, akahamia kwenye yangu.