Kabla ya kompyuta kulikuwa na kipande

Leo tuache lugha za programu kidogo, tuongee kuhusu mojawapo ya hifadhidata za zamani nchini.

Hapa Kawangware ninakoishi, bado utasikia watu wakiita kitambulisho "kipande". Jina hilo lina historia chungu. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kutembea na hati hiyo. Wengi waliitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Tukiitazama kama watu wa programu, ilikuwa rekodi kamili: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Lakini aliyejaza sehemu ya kazi ni mwajiri. Asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine, na ukiondoka unasakwa kama mtoro. Mwenye rekodi hakuwa na ruhusa ya kuhariri hata herufi moja! Harry Thuku aliipinga mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Sasa vuka Ngong Road uende Kibera. Wanubi waliwekwa pale na jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ila kwa miaka mingi vijana wao walipoomba kitambulisho walipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kuwachuja. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui M-Pesa. Ndiyo maana Huduma Namba ilipokuja mwaka 2019, Nubian Rights Forum ilikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa DNA na GPS, ikataka kwanza ziwepo kanuni za kulinda data.

Juzi mteja aliniomba niongeze sehemu ya "kabila" kwenye fomu ya mkopo. Nikamuuliza, ya kazi gani? "Iwepo tu," akasema. Nilikataa.

Ndugu yangu mtengeneza programu, kabla ya kuongeza safu kwenye jedwali, uliza: nani atajaza, nani atasoma, na mwenyewe ataweza kurekebisha? Kipande kingeanguka mtihani huo mchana kweupe.