Karatasi Nyuma ya Kioo

Mwaka 2006 nilianza chuo Dar es Salaam. Jina lake tuliache. Ratiba, matokeo, majina ya wenye mkopo, vyote vilikaa kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo chenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao karani mmoja. Siku ya majina ya kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, ungeona visogo tu. Aliyefika mbele alisoma kwa sauti, sisi wa nyuma tukaitika kama watoto wa darasa la kwanza. Pale kwenye herufi M kioo kilikuwa kimechafuka kwa alama za vidole, maana akina M tulikuwa wengi.

Asubuhi moja nilidandia daladala kutoka Sinza kuwahi kipindi cha saa moja. Kumbe kimehamishwa, karatasi imebandikwa jana yake jioni. Umuulize nani?

Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, nimeshahitimu. Simu janja zilipoenea, wala si vyuo vilivyoanza kuhamishia matangazo huko. Ni ma-CR, wawakilishi wa darasa, waliopiga picha ubao na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Wakati huo nimeajiriwa chuo kingine, ofisi ya udahili. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, magrupu hayohayo tuliyoyaona ya umbea ndiyo yaliyotuunganisha na wanafunzi hadi tulipofungua Juni 1.

Tukafungua ukurasa wa Instagram. Tukabandika mahafali, majoho, mgeni rasmi akikata utepe. Chini ya picha moja mzazi akaandika: "Habari za kazi. Naomba kuuliza, ada inalipwa kwa awamu ngapi?" Wiki nzima kimya. Tulikuwa tumehamisha ubao, na kufuli lake.

Aliyetuokoa ni binti wa mafunzo kwa vitendo, aliyeanza kujibu hata usiku. Swali la ada lilirudi mara nyingi mno hadi tukaitazama upya fomu yetu ya kujiunga: maelezo ya awamu yalijificha ukurasa wa mwisho. Tuliyahamishia wa kwanza. Kuhusu matapeli wenye kurasa feki pia tulitonywa na wanafunzi wenyewe, kwenye maoni hayohayo.

Majuzi nilipita chuo changu cha zamani. Ubao upo, kioo hakipo. Kuna karatasi ya chumba cha kupanga, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: "Bado kipo?"