Nyoka wa Galbet Anayelelewa Ng'ambo kwa Taa na Joto la Umeme

Msomaji, ukiondoka Nairobi alfajiri kupitia Thika na Mwingi, kwa safari ya kilomita 360 hivi, utafika Madogo jua likiwa limeshapanda. Hapo utauvuka Mto Tana, na ng'ambo ya daraja ndiyo Garissa. Usishangae shati likikuganda mgongoni kabla hujashusha mzigo. Jua la huku halina mgeni wala mwenyeji.

Wengi wanaofika mji huu hukimbilia soko la mifugo kutazama ngamia. Mimi nilialikwa na rafiki yangu mwalimu anayeishi Galbet, moja ya wadi nne za Garissa mjini. Huko utapishana na punda wanaovuta mikokoteni ya maji, utawaona mbuzi wakipumzika chini ya mathenge, na jirani atakukaribisha chai ya maziwa ya ngamia kabla hajakuuliza jina. Zaidi ya yote utakutana na mchanga. Utaukuta kwenye viatu na kwenye nywele, na usipofunika sahani utaula pia.

Kisa changu chaanzia kwenye mchanga huo.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Vijana walikuwa wakichota mchanga wa kujengea, mara mmoja wao akatupa sepetu na kuruka nyuma. "Mas! Mas!" alipiga kelele. Kwa Kisomali, mas ni nyoka. Watoto walitawanyika. Mzee mmoja wa jirani alikuja mbio na bakora yake, kanzu ameikunja hadi magotini.

Nami nilichungulia kwa mbali, maana sikuzaliwa shujaa. Nilimwona nyoka mfupi, mnene kama mpini wa jembe, wa rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia. Tumbo lake lilikuwa jeupe. Hakufanya fujo, bali alikuwa akijaribu kurudi mchangani.

"Adeer, ngoja kidogo," mwalimu alimsihi mzee. "Huyu hana sumu."

Mzee hakuishusha bakora. "Mwalimu, nyoka ni nyoka. Mtoto wa dada yangu alikatwa mguu kwa sababu ya nyoka. Huyu akimuuma mjukuu wangu, utanilipa wewe?"

Msomaji, ungejibu nini hapo? Mimi nilinyamaza. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mzee huyu alikuwa ameshuhudia makubwa kuliko ung'ongo. Katika nchi hii kavu kuna moma, kuna swila mwekundu atemaye mate, na kaskazini zaidi kuna nyoka mdogo mkali ambaye husugua magamba yake yakalia kama msumeno. Hao wote ni hatari. Mtu aliye mbali na hospitali hana nafasi ya kufanya majaribio.

Lakini mwalimu alisema kweli. Yule hakuwa moma. Alikuwa chatu wa mchangani, mdogo wa ukoo wa machatu, asiye na sumu hata tone. Jike kubwa hufika kama sentimita 80 au 90, na dume ni dogo zaidi. Hujizika mchangani akabakisha macho tu, ambayo yamekaa juu juu ya kichwa. Panya au mjusi akipita humdaka ghafla na kumbana mpaka pumzi imwishe. Kazi hiyo huifanya usiku bila kudai mshahara. Mwenye gunia la mahindi au maharagwe nyumbani anajua panya mmoja ana hasara gani.

Na sasa nikushangaze. Nyoka huyu aliyekuwa akingoja bakora Galbet ni kipenzi cha watu Marekani na Ulaya. Wanamwita kwa jina la nchi yetu: chatu wa mchanga wa Kenya. Hata hivyo si wa Kenya pekee, kwani yuko pia Misri, Sudan, Ethiopia, Somalia na Tanzania. Mtaalamu Linnaeus wa Sweden alimpa jina la kisayansi tangu mwaka 1758. Huko Marekani ana binamu ambaye wao humwita chatu wa mpira, kwa vile ngozi yake laini hufanana na mpira. Binamu huyo hukaa kwenye misitu ya baridi, naye pia hufugwa. Ila wa kwetu ndiye anayejulikana zaidi na wafugaji.

Wanamfugaje? Humweka katika sanduku la kioo au la plastiki, wakamtandikia mchanga au maranda ya mbao ya kujizikia. Upande mmoja huwashwa taa au mkeka wa umeme mpaka joto lifike nyuzi 32 au zaidi, na upande wa pili huachwa uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Yaani, msomaji, mtu analipa bili ya umeme kila mwezi ili apate jua la Galbet, hili ambalo sisi tunalikimbia chini ya mathenge!

Chakula chake ni panya waliogandishwa kwenye friji, wakayeyushwa kabla ya kupewa. Wanaotaka azae humpunguzia joto kwa wiki kadhaa wakati wa baridi, kisha humrudishia joto, humlisha vizuri na kumwekea dume. Jike akishika mimba aghalabu hususia chakula na hupenda kulala penye joto. Baada ya miezi minne au zaidi huzaa. Hatagi mayai kama chatu mkubwa tunayemjua, bali huzaa watoto hai, pengine kumi au zaidi kwa mkupuo. Kila kimoja hujua kujizika siku hiyo hiyo. Akitunzwa vizuri, nyoka huyu huishi miaka zaidi ya 20.

Usije ukasoma haya ukakimbilia mchangani na debe. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS, na biashara ya nyoka huyu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Wala usidhani serikali inajali ndovu na vifaru tu. Mnamo Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa ajili ya sisimizi. Naam, sisimizi, waliotiwa ndani ya vichupa ili wakauzwe ng'ambo kwa watu wanaowafuga.

Turudi kwa mzee wetu, ambaye bakora yake bado iko juu. Mwalimu hakumbishia. Alileta karai na ufagio wa mti mrefu, akamsukuma nyoka taratibu, akalifunika karai. Kisha alimwita mzee aone: kichwa hakipiti shingo kwa upana, na mkia ni mfupi. Moma ana kichwa kipana na shingo nyembamba. Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Vijana nao walisogea mmoja mmoja.

"Na kama mtoto hajui tofauti hiyo?" mzee aliuliza.

"Asimguse, adeer. Arudi nyuma aite mkubwa."

Jibu hilo lilimridhisha. Tulimbeba nyoka mpaka vichakani, mbali na nyumba, mwalimu akaliinamisha karai. Kabla sijapepesa macho mara mbili mchanga ulikuwa umemmeza.

"Leo umeshinda wewe, mwalimu," mzee alisema akikunjua kanzu. "Kesho usipokuwapo, sijui."

Hapo ndipo penye kazi, msomaji. Asiyekujua hakuthamini. Watoto wa ng'ambo wanamjua nyoka huyu kwa vitabu na taa, na watoto wa Galbet wanamjua kwa bakora tu. Ukifika huko, au ukiwa mwenyeji, usishike nyoka usiyemjua. Lakini kabla ya kuinua fimbo, rudi hatua tatu nyuma umtazame vizuri. Huenda ni mlinzi wa gunia lako.