Picha ya Nne

Mjomba wangu alipopita kijijini kwetu, katika eneo la Djugu, alipiga picha tisa akanikabidhi. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amekiona kijiji hicho tangu Februari 2018, wakati watu walipokimbilia Tchomia na kuvuka Ziwa Albert kwa mitumbwi hadi Uganda. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. (Naandika nyanya kwa makusudi, nikiandika bibi, wenzangu wa Bunia watadhani nimekwisha kuoa.) Mpaka leo anaishi Kyangwali.

Ningeweza kuzituma kwa WhatsApp, lakini kwetu simu hupotea, na picha hupotea pamoja nazo. Nilitaka pawe mahali pamoja ambapo sisi wa Bunia, wa Kyangwali na wa Kampala tungerudi kila tukitaka. Basi nikatengeneza ukurasa, kwa ujuzi mdogo nilioupata katika somo la kompyuta. Kwenye mashine yangu ulipendeza. Nikatuma anwani.

Mdogo wangu anayekaa na nyanya akanipigia: “Yaya, hapa kuna viboksi tu. Vimeandikwa picha 1, picha 2...” Nyuma yake nikasikia sauti ya nyanya: “Picha ya nne ni ya nini?”

Nilijibu kama wajibuvyo wote: kwangu zinaonekana. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kila picha niliielekeza kwenye njia inayoanza na C:, yaani diski ya kompyuta yangu mwenyewe. Ni sawa na kumwambia mtu aliye Kampala achukue kitabu kilicho juu ya meza yangu.

Kosa la pili lilinichukua siku tatu, na umeme wetu haukusaidia. Nilirekebisha njia, nikapakia picha kwenye seva, zikaonekana tatu; sita zikakataa. Nikalaumu mtandao, nikalaumu simu ya mdogo wangu. Hatimaye nikabonyeza F12, nikafungua sehemu inayoonyesha kila kitu ambacho kivinjari kimeomba, nikaona mistari sita myekundu yenye namba 404: faili halikupatikana. Halikupatikana vipi, nami naliona kwenye folda? Nikasoma majina herufi kwa herufi, kama tunavyosahihisha imla. Ukurasa uliomba nyumba.jpg; faili liliitwa nyumba.JPG. Kamera ndiyo iliyoandika mwisho kwa herufi kubwa. Windows kwa kawaida haijali tofauti hiyo. Seva nyingi hutumia Linux, na kwake hayo ni majina ya vitu viwili. Zile tatu zilizoonekana nilikuwa nimezipunguza kwa programu inayohifadhi kwa herufi ndogo. Mtu anayekatwa alama kila muhula kwa sababu ya herufi kubwa alipaswa kuliona hilo siku ya kwanza.

Nikazipunguza na zile sita, maana moja ilifika megabaiti tano, na Kyangwali megabaiti hununuliwa kwa pesa ileile ya unga.

Lakini kilichoninyima usingizi ni yale maneno “picha 1”. Tangu 1995 HTML ina mahali, paitwapo alt, pa kuandika maneno yatakayosomwa picha isipofika au msomaji asipoona. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilipewa nafasi ya kusema nikahesabu. Nikaketi kuandika yote tisa upya, nikayaweka na chini ya kila picha. Ya kwanza ilikuwa rahisi: “Nyumba haina mabati. Ukuta wa mbele umesimama.” Ya nne niliifuta mara nyingi. Mwishowe nikaacha hivi: “Kaburi la babu. Msalaba upo. Nyasi ni ndefu. Mwembe bado unalitia kivuli.”

Siku picha zote zilipofunguka nilipiga simu. Nyanya alikuwa ameishika simu nyingine karibu sana na uso, mdogo wangu akaninong’oneza: ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwa hiyo akamsomea. Nyanya alinyamaza mpaka ya nne.

“Huo si mwembe,” akasema. “Mwembe ulikatwa kabla hujazaliwa. Huo ni mti wa avoka. Niliupanda mimi.”

Nikafungua faili, nikarekebisha. Akataka asomewe tena, kuanzia ya kwanza.