Haki ya Kupita

Katika mashamba ya Uingereza, njia ina haki yake. Shamba linaweza kuwa mali ya familia moja tangu enzi za mababu, lenye ngano, kondoo na geti la chuma, lakini kama njia ya umma inapita humo, mwenye shamba hana mamlaka ya kukuzuia. Unafungua geti, unapita, unalifunga nyuma yako. Hubishi hodi. Sisi tumekulia mahali ambapo mtu hakatizi uwanja wa jirani bila kusalimia, kwa hiyo ilituchukua muda kuzoea.

Tuko wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, washarika wa kundi dogo linaloabudu kwa Kiswahili kusini mwa Uingereza. Kazi yetu ni kutunza wazee, kwa zamu za mchana na za usiku, na Jumamosi inayotukuta wote wanne tukiwa mapumzikoni huwa tunaihesabu kuwa zawadi. Tukiipata, tunapanda treni pamoja na baiskeli zetu.

Baiskeli zenyewe ni zile za njia za changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini matairi ni mapana kidogo na yana meno, ili mtu aweze kutoka kwenye lami akaingia kwenye kokoto, udongo na majani bila kusimama. Utotoni mwetu baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Ilibeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, mahindi ya kusaga, na hata mgonjwa wa kwenda zahanati. Kukanyaga pedeli kutwa nzima bila kubeba chochote, tena kwa hiari! Wazazi wetu wangetuuliza kama akili zetu ni timamu.

Anayetaka kusafiri hivyo lazima ajifunze alama za vibaoni. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu, na baiskeli haina haki humo. Wa buluu ni njia ya farasi. Tangu sheria ya mwaka 1968 baiskeli nazo zinaruhusiwa, kwa sharti kwamba mwendeshaji ampishe anayetembea kwa miguu na aliyepanda farasi. Wa zambarau na mwekundu ni za njia pana zaidi, za mikokoteni, na ile nyekundu hata magari hupita.

Lakini zipo kanuni mbili zinazotufikirisha kuliko mishale. Ya kwanza ni kwamba njia iliyopitwa na watu kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, yaweza kutambuliwa kuwa njia ya umma. Ya pili ni kwamba njia ikishakuwa ya umma inabaki ya umma. Hata isipopitwa kwa miaka mingi, hata ikiota miiba, haki ya kupita haifi mpaka ifutwe kwa utaratibu wa sheria.

Tulizijua kanuni hizi kwa muda mrefu kama mambo ya kuvutia tu. Uzito wake tuliuona mwaka ule Dada Mkubwa alipofiwa na mama yake.

Tunamwita Dada Mkubwa kwa kuwa alitutangulia wote kufika nchi hii. Mama yake alifariki kwao Rungwe wakati hati zake za ukaazi zikiwa ofisini zikisubiri kuongezwa muda. Angetoka, huenda asingeruhusiwa kurudi, na watoto wake wanasoma hapa. Akabaki. Mazishi aliyatazama kwenye simu, sebuleni kwake, sisi tukiwa tumemzunguka. Jeneza lilipofikishwa kaburini, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanaweka mashada.

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Watu hujaa, mikeka hutandikwa, wengine wanapika, wengine wanakaa tu kimya mpaka siku zitimie. Huku siku ya tatu alirudi kazini. Ibadani alikuja kama kawaida, lakini hakuomba tena kwa sauti, yeye ambaye ndiye aliyekuwa akituongoza kwenye kesha. Tulipomuuliza, alijibu kwa maneno machache: "Nikifumba macho naona kioo cha simu kimeganda. Njia yangu ya maombi imeota nyasi, wadogo zangu."

Miezi miwili baadaye, mwezi wa Mei, aliuliza mwenyewe kama Jumamosi ile tunatoka.

Tulishuka treni Goring, tukavuka Mto Thames kuingia Streatley, tukaanza kupanda vilima kuifuata Ridgeway kuelekea magharibi. Ridgeway inapita mgongoni mwa vilima. Urefu wake wote ni kilomita 139, kutoka Ivinghoe Beacon mpaka Overton Hill karibu na Avebury, nayo huhesabiwa miongoni mwa njia kongwe kabisa za nchi hiyo. Watu walipita huko juu kwa sababu mabondeni kulikuwa na misitu na matope. Kipande tulichokishika, cha karibu kilomita 70, kiko wazi kwa baiskeli. Ardhi yake ni chaki nyeupe. Ikikauka ni ngumu kama sakafu, ikilowa inateleza kama sabuni. Ndani yake kuna gumegume, jiwe lenye makali ya kisu, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa tumeshaziba pancha ya kwanza.

Tuna desturi moja njiani. Penye geti, wa mbele hushuka, hulifungua na kulishikilia mpaka wa mwisho apite. Kwa kawaida tunapokezana. Siku ile, bila kuambiana, tulimwacha Dada Mkubwa apite tu. Hakushika komeo hata moja.

Juu ya mji wa Wantage, karibu na ngome ya kale ya Segsbury, kuna bomba la maji kando ya njia. Maji ni adimu huko juu, na wasafiri wengi hujaza chupa zao hapo. Bomba hilo liliwekwa kwa kumbukumbu ya kijana aliyefariki angali mdogo. Dada Mkubwa alisoma maandishi, akajaza chupa yake, akaketi kwenye majani.

"Waliomlilia huyu walipata pa kuweka maji," alisema. "Mimi sikupata hata pa kuweka udongo."

Hakuna aliyemjibu. Mmoja wetu alimenya ndizi akampa. Tulikaa naye pale muda mrefu, na ndipo tulipoona kwamba hatimaye tumempata mkeka wake.

Mbele zaidi, kwenye kilima cha Uffington, tulisimama kumtazama farasi mweupe, mchoro wa urefu wa mita 110 uliochimbwa ubavuni mwa kilima na kujazwa chaki, yapata miaka 3,000 iliyopita. Waliouchora walimaanisha nini, hawakuacha neno. Mchoro huo hauwezi kujitunza. Ukiachwa, nyasi huumeza. Umebaki kwa sababu kila kizazi kimepanda kilima kuusafisha, na hata leo watu wa kujitolea hupiga magoti na nyundo wakishindilia chaki mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulifunikwa kwa majani na matawi ili ndege za Wajerumani zisiutumie kama alama. Vita vilipokwisha, wakaufunua. Ulikuwa palepale.

"Kumbe kufunikwa si kufutwa," alisema Dada Mkubwa. Kisha akapanda baiskeli yake.

Tumelitafakari neno lake mara nyingi tangu siku hiyo. Mara nyingi tunayazungumzia maombi kana kwamba ni kazi ya miguu ya mtu mmoja: nikiwa na nguvu naenda, nikichoka njia inafungwa. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 10, unatufundisha vingine. Njia ya kumfikia Mungu ilifunguliwa na Kristo kwa mwili wake mwenyewe. Kama ni hivyo, haki ya kupita haikutokana na nguvu zetu, na udhaifu wetu hauwezi kuifuta. Nyasi huota, hilo ni kweli. Msiba huotesha nyasi, na uchovu wa zamu za usiku pia. Lakini ramani haijabadilika.

Na nyasi hufyekwa na miguu ya wengi. Katika Marko 2 yule mwenye kupooza hakutembea kwenda kwa Yesu, wala hatusomi kwamba alisema neno. Alibebwa na watu wanne, nao walipokosa mlango wakatoboa dari. Marko anatuonyesha kwamba Bwana aliitazama imani ya wale waliombeba. Basi yupo mtu ambaye kazi yake kwa majira fulani ni kupita tu, huku wenzake wakishika geti.

Tulifika Avebury jua likielekea kuzama, tukakanyaga hadi Swindon kwa treni ya kurudi. Kwenye jukwaa la stesheni mmoja wetu aliomba kwa kifupi, akamtaja marehemu mama kwa jina. Dada Mkubwa hakuomba. Alisema amina kwa sauti ya chini, akichelewa kidogo kuliko sisi.

Hatutasema kwamba huzuni yake imekwisha. Rungwe bado hajafika, na kaburi la mama yake analijua kwa picha. Lakini kwenye kesha anakuja, na amina yake imekuwa ikikaribia zetu.

Ndugu msomaji, huenda njia yako nayo imeota nyasi. Usidhani imefutwa. Na kama wewe una nguvu leo, tangulia mbele ukafungue geti, ulishikilie, wala usimharakishe anayekuja nyuma.